Kaa Moja, Liwe Jekundu

Bi Nasiha alivunjika kifundo cha mkono kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, hapa Kuze, Mvita, akishuka na sinia la mchele, na tangu siku hiyo hakuzikanyaga tena. Plasta ilikuwa mkono wa kushoto lakini woga ulikuwa miguuni. Chochote alichokitaka kutoka chini alikishushia kikapu kwa kamba kupitia dirisha la uani: samaki, dawa, gazeti la juzi, umbea wa leo. Na chini ya dirisha nilikuwa mimi.

Nimepanga chumba cha uani katika nyumba hiyo. Nilipanga kwa mwezi mmoja tu, nikingoja meli. Meli yenyewe ilishakatwakatwa ikawa vyuma chakavu, nami bado nipo, begi langu liko nyuma ya mlango, na kila mwaka namwambia Bi Nasiha mwakani hanioni. Yeye hunijibu, "Vyema, Odera, lakini kabla hujaondoka nipokelee kikapu."

Basi Alhamisi moja dirisha likafunguliwa kwa kishindo.

"Odera! Upo?"

"Nipo, Bi Nasiha."

"Zakariya aja Jumamosi."

Zakariya ni mwanawe wa pekee, yuko Nairobi, kazi yake ni ya bima. Nikasema alhamdulillahi, ingawa mimi ni mtu wa kanisa, kwa kuwa ukikaa Kuze ulimi hujifunza adabu kabla yako.

"Usiseme alhamdulillahi. Haji kutembea. Aja kunihama."

"Kukuhama vipi?"

"Kunihamisha, Odera! Kunipeleka Nairobi, kwenye jumba lao refu. Ati nisione taabu, kuna lifti. Nikamwuliza, mimi nipandishwe na kushushwa kama gunia la Kilindini? Akacheka. Akaniambia, 'Mama, mkono umevunjika, jikoni huwezi kitu, ngazi hushuki, wakaa huko juu na nani?' Nikamwambia nakaa na nyumba yangu."

Nilimwona kichwa tu, kimefungwa leso, kimeinama kwenye dirisha analolichungulia tangu utotoni. Nyumba ile ni ya babake. Kila mlango ukilia anajua ni upi.

"Tumewekeana sharti," akasema. "Aje ale kwanza. Akiona mlo wa mchana umetoka kwangu, umekamilika, haukununuliwa hotelini, basi arudi zake peke yake. Akiona siwezi, nafunga sanduku."

"Na kwa mkono mmoja utapika nini?"

"Hapo ndipo nakuita wewe."

Ilivyo ni kwamba Zakariya alipelekwa na kazi yake Uturuki, kwenye mkutano, na tangu arudi biriani haitaki. Asema nzito. Kila akipiga simu ni ile sandwichi aliyoila huko: kuku, majani, mafuta ya zeituni, mambo ya Bahari ya Kati.

"Kati ya nini na nini?" Bi Nasiha akaniuliza.

"Kati ya Waarabu na Wazungu."

"Basi ndiyo maana mkate na ndani kuna majani, hawakuelewana. Odera, si wewe kila siku waniambia ulifika huko na meli?"

Nilifika, si uongo. Nilimenya viazi kwenye meli hadi Limasoli na Pireo, na nje ya geti la bandari ya Limasoli kulikuwa na mzee mmoja mwenye kijigari, akiuza mikate ya kuku iliyofungwa kwa karatasi. Niliila. Lakini kuila ni jambo moja. Mimi nilivyokuwa nikimsimulia Bi Nasiha, ungedhani mzee yule aliniachia kijigari.

"Naikumbuka kidogo," nikasema.

"Kidogo chako na kingi changu, yatosha. Mimi nitasema, wewe utafanya. Mikono yako, akili yangu. Mpishi ni nani hapo?"

"Ni wewe."

"Basi sitakuwa nimemdanganya mtu."

Kupanda juu nikapikie jikoni kwake haikuwezekana. Mwanamume wa nje haingii jikoni kwa mjane anayekaa peke yake, hata awe na mvi mpaka za pua. Kwa hivyo ilikuwa nipikie uani, kwenye jiko langu dogo la gesi, chini ya bati nililoliegesha kuzuia mvua. Bati lile ndilo lililotuponza. Bi Nasiha kutoka dirishani alikuwa akiliona bati tu, mimi hanioni, wala sufuria haioni. Tulikuwa tukipika kwa sauti.

Jumamosi asubuhi kikapu kikashuka kimejaa. Kuku alishatolewa mifupa na mchinjaji. Kulikuwa na maziwa ya mtindi, kitunguu thomu, ndimu, bizari, pilipili manga, chupa ya mafuta ya zeituni ambayo kawaida yake ni kupakwa magotini, na kibakuli cha samli. Mikate ya mofa ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, bado ya moto. Nilimwambia kule Limasoli mkate wao ulikuwa wa duara, umepasuliwa kama mfuko. Akasema mofa ni ya duara na mimi nina kisu, kwa hivyo tumefika Limasoli.

"Mkate kuku vipande vyembamba," akaamuru.

"Nimkate?"

"Umtie mtindi, thomu, ndimu, bizari, chumvi. Umkande kama wamwomba msamaha."

Nikamkanda. Nikamwacha alowe. Nikakata tango, tungule na kitunguu maji, nikachambua nanaa. Yeye huku juu alikuwa akifukiza udi, maana mgeni ni mtoto lakini ni mgeni, na ule moshi wa udi uliteremka mpaka uani ukanitoa machozi kuliko kitunguu.

"Tango wakataje?"

"Mviringo mviringo."

"Nusu yake likwaruze, ulikamue maji, ulichanganye na mtindi na thomu. Hiyo ndiyo ya kupaka. Odera, hukulikamua!"

"Umejuaje?"

"Sijasikia matone."

Nikalikamua. Kuku nikamweka kwenye kikaango na mafuta ya zeituni, akalia vizuri, akashika rangi. Mimi nilikuwa naona fahari, sitaki kusema uongo. Nikaanza hata kupiga mluzi.

"Usipige mluzi kwenye chakula. Ameiva?"

"Ameiva, Bi Nasiha."

"Sasa nisikize vyema, maana hapa ndipo wapishi wanapoachana. Huyo kuku akibaki hivyo ni kuku wa kila mtu. Tia kaa."

"Kaa?"

"Kaa. Moja latosha. Liwe kubwa kubwa, jekundu. Ulitie kwenye kibakuli, ukiweke katikati ya kuku, ulimwagie samli, ufinike upesi harufu isitoke. Ukae kidogo, kisha utoe, ugawe kwenye mikate. Umeshika?"

"Nimeshika. Lakini kaa nitaitoa wapi saa hizi?"

"Mji mzima huu ukose kaa moja? Nenda kaombe kwa Kadenge, yeye hakosi."

Na kweli Kadenge hakosi. Kadenge ni kijana wa Kilifi anayekaanga samaki pale kona ya kichochoro chetu, na kando ya karai lake huweka beseni la vitu vya baharini: pweza, kamba, na kaa, wale wenye magando. Nikajiambia, huyu mama kumbe ana akili za mbali. Kuku na kaa katika mkate mmoja! Kule Bahari ya Kati watu hawaachi kitu cha chumvi, na Limasoli niliwaona kwa macho yangu wakila hata vile vya kunyonywa kwenye magamba. Aliposema liwe kubwa, jekundu, nikaelewa anasema wasemavyo watu wa huku kitu kikiwa kikubwa: joka lile, jibwa lile. Jikaa. Na jekundu maana yake limeshachemshwa. Sikuona tundu popote katika maneno yale.

Nikamfuata Kadenge.

"Bi Nasiha anaomba kaa."

"Kaa?" Kadenge alikuwa na koleo mkononi, anachochea moto chini ya karai. "Yupi?"

"Kaa moja, kubwa, nyekundu."

Akaniangalia, akaangalia moto wake, akaniangalia tena. "Mzee Odera, 'moja' yako wewe ni 'moja' au ni 'mmoja'?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kwa watu wa bara hakuna," akasema, na akacheka, akaweka koleo chini. "Jana uliniambia nikukaangie samaki moja, nikakukaangia mmoja, ukala ukashiba. Basi kaa ni mmoja. Kaa ana roho, mzee."

"Bado anayo?"

"Huyu hana tena. Nimemchemsha asubuhi." Akainua beseni akanitolea jitu la kaa, jekundu kama gari la zimamoto, gando moja tu lajaa kiganja. "Ni wa nini?"

"Wa Zakariya. Anakuja kumchukua mamake."

Uso wa Kadenge ukabadilika. "Kumpeleka wapi?"

"Nairobi."

"Haiwezekani. Nani atanitukana asubuhi kwamba mafuta yangu ni ya juzi?" Akaongeza gando la kaa mwingine. "Mwambie Bi Nasiha asikubali. Nenda, nenda, kuku anapoa."

Nilirudi mbio, mbio za umri wangu. Nikamweka kaa juu ya jiwe, nikachukua mchi wa kinu, nikaanza kuvunja.

"Wavunja nini huko?" sauti ikatoka juu.

"Kaa!"

"Lilikuwa kubwa mno?"

"Kubwa sana!"

"Vyema, livunje. Kadenge hana kiasi."

Nikatoa nyama yake nyeupe, nikaitia kwenye kibakuli, kibakuli nikakiweka katikati ya kuku, nikamwaga samli, nikafinika upesi. Nilitii kila neno. Nikakaa kidogo. Nilipofinua, harufu ilikuwa nzuri mpaka paka wawili waliokuwa juu ya ukuta wakawa watano.

"Yanukia?"

"Yanukia ajabu! Wewe huisikii?"

"Pua yangu imejaa udi. Haya, panga upesi, adhuhuri imeshasaliwa."

Nikapasua mofa, nikapaka ile ya mtindi na tango, nikapanga kuku, nikagawa kaa, tungule, kitunguu, nanaa, matone ya ndimu. Nikafunga kwenye kitambaa safi nikaweka kikapuni. Moja sikuipandisha, nilisema ni ya kuonja, na hakukataa. Kamba ikavutwa kwa mkono mmoja na meno, nadhani, maana kikapu kilipanda kwa kuruka ruka.

Kilikuwa hakijatulia juu Zakariya akaingia uani na kibegi chake cha magurudumu.

"Shikamoo Mzee Odera."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema. Bado upo? Hukwenda?"

"Mwakani."

Akacheka. Ni mtu mzuri Zakariya, sikuweza kumchukia hata nilipojaribu. Alisimama chini ya ngazi akazitazama. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima kama za kwenye meli, na zina giza.

"Unaziona hizi?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku ile wewe hukuwapo, alilala hapo chini mpaka jirani akasikia. Mimi nikipigiwa simu Nairobi, simu yoyote, hata ya mtu kuuza kiwanja, moyo unasimama. Usinione mbaya, mzee."

"Sikuoni mbaya."

"Akinithibitishia anajiweza, naondoka. Wallahi naondoka. Lakini najua atajifanya."

Akapanda. Mimi nikaketi chini ya dirisha na kigoda changu, kimya. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nasikiliza tu, na uani ni kwangu.

Nikasikia salamu, nikasikia kubusiwa mkono, nikasikia sahani.

"Mama! Hii ni ile yenyewe!"

"Bismillahi kwanza."

"Bismillahi." Nikamsikia akitafuna. "Mashaallah. Mama, kuku huyu! Na mtindi wenye tango! Umefanya mwenyewe?"

"Kila kilichomo nimekitaja mimi," akasema Bi Nasiha, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Na mkono huo?"

"Mkono ni mkono. Kupika ni kichwa."

Akatafuna tena. Nilianza kuamini tumeshinda. Nilinyoosha miguu. Ndipo nikasikia *kach*.

"Mama, hii nini?"

"Nini?"

"Kuna mfupa."

"Kuku wangu hana mfupa."

"Basi si mfupa." Nadhani alikuwa akikitoa mdomoni akitazame kwenye mwanga. "Mama, hili ni gamba. Umetia k'aa?"

"Astaghfirullahi, nitie k'aa kwenye kuku? Nimetia kaa!"

"Onja."

Nikasikia akionja. Paka mmoja alianza kuondoka.

"ODERAAA!"

Kichwa kilitoka dirishani chote na mabega yake. "Odera! Nilikwambia utie nini?"

"Kaa!"

"Ukatia nini?"

"Kaa!"

"Nilikwambia kaa! Hukutia kaa!"

"Bi Nasiha, nimetia kaa, magamba haya hapa!" Nikatoka chini ya bati nikamwinulia gando. "Moja, kubwa, jekundu, kama ulivyosema!"

"Hilo ni k'aa! K'aa wa baharini! Mimi nimesema kaa! Kaa la moto!"

Sasa kwa yule asiyejua: wenyeji wa Mvita wana kaa wawili. Kuna kaa la moto, lile moja katika makaa, nalo hulitamka kavu. Na kuna yule mwenye magando, naye humtamka kwa kumpulizia pumzi kidogo mwanzoni, kama mtu anayepoza chai. Wao huisikia tofauti hiyo kama wewe usikiavyo tofauti ya ng'ombe na ngoma. Mimi nimekaa kwao miaka chungu nzima na sijaisikia hata siku moja. Kumbe alitaka nichukue kaa la moto, nilimwagie samli litoe moshi, nifinike, kuku anuke moshi kama ameokwa mkaani. Na kwa Kadenge moto ulikuwa palepale, karibu na beseni.

Kichwa cha pili kikatokeza dirishani. Zakariya akanitazama, na gando langu, na kikaango, na mchi.

"Aa," akasema. "Kwa hivyo mpishi ni Mzee Odera."

"Mpishi ni mimi!" Bi Nasiha akamgeukia. "Huyu ni mikono tu! Na ni mikono isiyo na masikio!"

"Mama." Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa imechoka. "Chakula kitamu, k'aa na yote. Lakini tuliwekeana sharti. Jikoni hukufika. Ngazi hujashuka tangu siku ile. Kesho tunapanda treni mimi nawe, na nyumba tutaifunga vizuri, tutakuja kuitazama likizo."

Niliona jinsi vidole vyake vilivyoshika kizingiti cha dirisha. Nikataka kusema kosa ni langu, lakini hakunipa nafasi. Hakumtazama hata Zakariya. Alikuwa ananitazama mimi, kwa jicho ambalo nahodha mmoja Mgiriki aliwahi kunitazama nalo nilipotia sukari kwenye mchuzi.

"Hajui kaa," akasema, polepole. "Miaka yote hii namlea hapo chini, hajui kaa. Ngoja. Ngoja nikuonyeshe kaa ni nini."

Akatoweka dirishani.

"Mama, wapi? Mama! Weka hiyo chini, ina moto!"

Kisha nikasikia champali kwenye mbao. Kwa. Kwa. Kwa. Hazikuwa za Zakariya. Yeye alivaa viatu vya mjini. Moshi wa udi ulitangulia kutoka kwenye giza la ngazi, halafu champali, halafu pindo la dera, halafu Bi Nasiha mzima, leso imemtanda kichwani, mkono wa plasta umening'inizwa shingoni, na mkono wa pili umebeba chetezo chenye makaa yanayowaka. Hakushika popote. Angeshika kwa nini? Nyuma yake alikuja Zakariya, ameinama, mikono ameitanguliza kama mtu anayefuata mtungi unaobingirika, na hathubutu kumgusa kwa kuogopa kumshtua.

Alifika chini, akapita moja kwa moja mpaka kwenye bati langu.

"Shika." Nikashika chetezo. Akachukua koleo, akachagua kaa, akaliinua mbele ya pua yangu. "Hili ni nini?"

"Kaa."

"Kuku aliyebaki yuko wapi? Leta kibakuli. Kisafi!" Akaliweka kaa kibakulini, kibakuli katikati ya kuku, akamwaga samli. Ikalia *shhh*, moshi mweupe ukapanda, akafinika kwa sinia na kulikandamiza kwa kiwiko. "Na yule wa Kadenge ni nini?"

"Kaa."

"K'aa! Toa pumzi!"

Nilitoa. Nilitoa pumzi yote niliyokuwa nayo, na chetezo kilikuwa bado mkononi mwangu. Majivu yakaruka yakamjaa Zakariya kifuani na kwenye nyusi.

"Umekaribia," akasema Bi Nasiha.

Zakariya hakujipangusa. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono bado hewani.

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Umeshuka."

Bi Nasiha akageuka, akazitazama ngazi. Akazitazama kutoka chini mpaka pale zinapopotelea gizani, na nikaona woga ule unamrudia, unapanda kutoka kwenye miguu. Nikamsukumia kigoda. Akaketi. Sinia lilikuwa likitoa moshi pembeni.

"Nani kanishika?" akauliza.

"Hakuna aliyekushika. Nilikuwa nyuma, sikukugusa."

"Nilikuwa nimebeba moto."

"Naam."

"Kwa mkono huu mmoja."

"Naam, Mama."

Akafikiri. Nilimwona akiyapima, kama mtu anayeambiwa habari za jirani na kutaka kujua kama ni kweli. Kisha akaniambia nifinue sinia. Nikafinua, na ile harufu, sasa naelewa kwa nini alisema wapishi wanaachana hapo. Nilikuwa Limasoli tena, kijigari na kila kitu. Akaniamuru nipasue mofa mbili, nikapasua, akala yake palepale uani juu ya kigoda cha mpangaji, huku paka wakimtazama. Ya pili akampa Zakariya, nami nikaonja kipande kilichobaki kikaangoni.

Zakariya alikula amesimama, majivu bado kwenye nyusi. Alipomaliza alilamba kidole.

"Na kupanda?" akauliza, lakini sasa alikuwa akiuliza kama mtu anayetafuta jambo la mwisho mfukoni.

"Nani anapanda? Nimeshuka sasa hivi. Tangu nivunjike sijaiona Biashara Street, watu wametoka na leso mpya mimi naziona kwenye migongo yao tu nikichungulia. Nenda juu ukaniletee buibui, liko nyuma ya mlango. Na viatu vya kutokea. Na mkoba. Na ufunge dirisha, paka watamaliza chakula."

Zakariya akapanda. Akashuka na buibui, bila viatu. Akapanda tena. Aliposhuka mara hiyo alikuwa anahema, jasho limechora njia kwenye yale majivu, na mamake akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole mwanangu. Huko kwenu lifti imewaharibu miguu."

"Mama, tikiti yako ya kesho nimeshakata."

"Basi tafuta utakayesafiri naye."

Alisimama hapo na mkoba wa mamake begani. Akazitazama ngazi, akamtazama yeye anavyohangaika kuvaa kiatu kwa mkono mmoja na kukataa kwa jicho nisimsaidie. Kisha akatoa simu mfukoni. Akaibonyeza bonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Yaniuliza sababu ya kufuta," akasema.

"Iambie nina shughuli," akasema Bi Nasiha, na akasimama.

Zakariya akaandika hivyo hivyo, nilimwona. Kisha akaitia simu mfukoni, akainama, akamfunga mamake ukanda wa kiatu.

"Kila Ijumaa napiga simu," akasema akiwa bado ameinama. "Na hapo ngazini naweka fundi atie mshikio pande zote mbili. Hilo halina mjadala."

"Tia. Lakini usiupake rangi ya kijani, nitaona kama naingia hospitali."

Wakatoka. Kichochoro chetu ni chembamba, sauti haipotei haraka, kwa hivyo niliwasikia mpaka kona. Bi Nasiha alimwambia mwanawe asimshike mkono kama mwizi aliyekamatwa. Akasimama mbele ya Kadenge, akamwuliza mafuta yale ni ya lini, na Kadenge, sauti yake imejaa furaha, akaapa ni ya leo asubuhi. Akamwambia mwongo. Zakariya akasema Mama, polepole, na yeye akamjibu kwamba maduka hayamngojei mtu.

Mimi nikaosha vyombo. Magamba nikawagawia paka. Ile sandwichi yangu ya kuonja, ile ya mwanzo yenye kaa wa Kadenge, ilikuwa bado iko kwenye kitambaa, nikaketi kwenye kigoda nikaila yote. Ilikuwa tamu kuipita ile ya moshi. Nilimeza neno hilo pamoja na tonge la mwisho, maana jioni angerudi, na kikapu bado ni chake.